Je, Msondo Walifaulu Mwaka Ule?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kolo)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu mlio kazini na mliokwisha kustaafu, vijana mnaosoma hapa sasa na ambao leo mmekaa chini kwa kuwa viti vyenu tumevikalia sisi, na ninyi nyote wenzangu wa zamani.

Katika barua ya mwaliko niliombwa nichague mazungumzo yenye manufaa. Hapana shaka Katibu wetu alitarajia kwamba mtumishi wa Serikali atakuja na takwimu za maendeleo. Takwimu zipo, lakini nimeziacha ofisini Dodoma. Nimekuja na jambo ambalo limetusumbua kwa zaidi ya miaka kumi, sisi wanne tuliomaliza shule pamoja na ambao tumo humu ukumbini: je, mwaka 2014 ulikuwa mwaka wa mafanikio kwa bendi ya Msondo Ngoma, au haukuwa?

Wapo wanaocheka. Cheka, lakini ujue kwamba ubishi huu umekwisha kufanya wawili wetu wasipande gari moja kuja Kolo. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, iliyozinduliwa mwaka 2018, imetufupishia safari sana. Ubishi haujafupika hata hatua moja.

Kwa faida ya vijana nianze nyuma kidogo. Mwaka 1964, vyama vya wafanyakazi vilipounganishwa kuwa chama kimoja cha NUTA, chama hicho kilianzisha bendi yake, NUTA Jazz. Jambo hili lilikuwa kubwa kuliko linavyoonekana leo. Kabla ya hapo bendi nyingi zilikuwa klabu za marafiki. Mchana kila mtu yuko kwenye kazi yake, jioni wanakutana kupiga muziki, na wakigombana wanaachana. NUTA iliwaajiri wanamuziki. Wakapata mshahara wa mwezi kama karani, vyombo vikawa mali ya chama, na mpiga gitaa aliyetaka kuondoka aliliacha gitaa na kuondoka na vidole vyake. Mashirika na idara nyingine zikafuata mfano huo, hata tukawa na bendi za Umoja wa Vijana, Shirika la Bima, Polisi na JKT.

NUTA ilipogeuka kuwa JUWATA, bendi nayo ikawa JUWATA Jazz. Katika miaka ya 1990 ilipokuja OTTU, ikawa OTTU Jazz. Hatimaye bendi ikasimama kwa miguu yake yenyewe, ikabaki na jina la mtindo wake, Msondo. Kwa hiyo mtu akisema Msondo, anataja bendi moja yenye majina manne, na historia nzima ya vyama vya wafanyakazi vya nchi hii tangu kabla ya Azimio la Arusha. Mpinzani wake mkuu ni Mlimani Park, yaani Sikinde, iliyoanza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi la TTTS, kisha mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Msondo na Sikinde yote mawili ni majina ya ngoma za Kizaramo. Jinsi watoto wa Kirangi, Kisandawe na Kiburunge walivyokuja kugombana kwa ajili ya ngoma mbili za Kizaramo, hilo ni jambo la kuwaachia wataalamu wa Chuo Kikuu.

Nasi tuligombana kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1990 bweni letu lilikuwa na redio moja ya betri, na betri zilipochoka tulizianika juani juu ya jiwe ili zipate nguvu ya saa moja zaidi. Saa hiyo moja ndiyo iliyoleta vurugu. Hatukuwahi kuiona hata bendi mojawapo kwa macho. Tulizijua kwa sauti tu, kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam, na kila mtu alijichorea mwenyewe sura za waimbaji. Mimi nilidhani Muhiddin Maalim Gurumo ni mtu mrefu mwembamba mwenye huzuni. Nilipomwona Dar es Salaam miaka mingi baadaye, niligundua kwamba huzuni ilikuwa ya wimbo.

Sasa nije kwenye mwaka wenyewe.

Mwenzetu wa kwanza ni mkaguzi wa hesabu, na anabishana kama mkaguzi. Anasema mwaka una mwanzo na mwisho. Tarehe 31 Desemba tunafunga daftari na kuangalia. Bendi iliingia mwaka 2014 bila Gurumo jukwaani, maana alikuwa ametangaza kustaafu mwaka uliotangulia kwa sababu ya afya. Tarehe 13 Aprili 2014 mzee huyo akafariki dunia katika Hospitali ya Muhimbili. Pengo la TX Moshi William, aliyefariki mwaka 2006, lilikuwa bado wazi. Mkaguzi anauliza ni wimbo gani mpya wa Msondo ulioimbwa na makondakta wa daladala mwaka ule. Anauliza vijana wa mjini walikuwa wakimfuata nani, na anajijibu mwenyewe kwamba walimfuata Diamond Platnumz, ambaye mwaka huohuo alichukua tuzo saba za muziki za Kilimanjaro. Kwa hiyo, anasema, daftari linaonyesha hasara, na sifa za zamani haziwezi kuandikwa upande wa mapato.

Wa pili ni mwalimu, na yeye hujibu kwa kusoma orodha ya marehemu. Husoma polepole kama mtu anayeita mahudhurio. Dar es Salaam Jazz, hayupo. Kilwa Jazz, hayupo. Western Jazz, hayupo. Cuban Marimba na Morogoro Jazz za Morogoro, Jamhuri na Atomic za Tanga, Tabora Jazz, Safari Trippers, Dar International, Maquis, wote hawapo. Afro 70 ya Patrick Balisidya, mwana wa Mvumi, huku kwetu Dodoma, bendi iliyokwenda kutuwakilisha Lagos katika tamasha la FESTAC mwaka 1977, hayupo. Kisha hufunga kitabu chake cha kufikirika na kusema kwamba mwaka 2014 Msondo ilitimiza miaka 50 ikiwa bado inapanda jukwaani mwisho wa juma. Mzee wa miaka 50 anayelima shamba lake mwenyewe, anasema mwalimu, humwulizi kwa nini hakushinda mbio za mita mia.

Wa tatu ni daktari wa mifugo. Yeye hukubaliana na kila mmoja, halafu huongeza kwamba hata hivyo mwaka ule ulikuwa wa Sikinde. Kwa kuwa hajapata kuleta ushahidi, sitapoteza wakati wenu.

Wa nne ni mimi. Mwaka ule nilikuwa Dar es Salaam, maana amri ya Serikali kuhamia Dodoma ilikuja mwaka 2016. Nilikwenda kuwasikiliza Msondo mara tatu, mara mbili kabla ya msiba na mara moja baada yake. Vilevile mwaka ule, kama watumishi wote, nilikuwa nikijaza fomu ya OPRAS. Vijana, hiyo ilikuwa fomu ya kupima utendaji kazi wa mtumishi. Mwanzoni mwa mwaka wa fedha unakubaliana malengo na mkubwa wako, katikati mnaangalia, mwishoni mnapeana alama. Ni chombo kizuri kwa mtu anayehesabu mafaili. Nimejaribu kwa moyo safi kuijaza kwa niaba ya Msondo, nami nimeona inakwama kwenye ukurasa wa kwanza, mahali panapouliza lengo. Lengo la bendi ya miaka 50 ni nini? Bendi ya vijana ina lengo linalojulikana, nalo ni kutoa kibao kitakachotikisa nchi. Lakini bendi kongwe ina vibao vilivyokwisha kuitikisa nchi mara nyingi, na watu wanaolipa kiingilio wanakuja kwa ajili ya hivyo. Ikipiga kipya, nusu ya ukumbi inakwenda kununua bia. Nimeyaona hayo kwa macho yangu. Kwa hiyo kuwalaumu kwa kukosa wimbo mpya ni kuwapima kwa kipimo ambacho wapenzi wao wenyewe hawakitumii.

Hata hivyo sikubaliani na mwalimu pia. Kuwa hai peke yake si kazi. Zipo ofisi nyingi zilizo hai.

Niruhusuni nichukue mfano wa hapahapa. Wazee mliokaa mbele mnaukumbuka mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden. Vijana wanaona milima ya Irangi ina miti wakadhani ndivyo ilivyokuwa siku zote. Haikuwa hivyo. Makorongo yalikuwa yamekula ardhi kiasi cha kumeza nyumba. Mwaka 1979 ikaamriwa ng'ombe, mbuzi na kondoo wote watolewe katika eneo lililoharibika, zaidi ya kilometa za mraba 1,200. Sasa tuseme mkaguzi wetu angefika Kolo mwaka 1980 na daftari lake. Angeandika nini? Watoto hawana maziwa, samadi hakuna, watu wamepeleka mifugo kwa ndugu walio mbali, minung'uniko kila kona. Angeandika hasara, na hesabu yake ingekuwa sahihi kwa mwaka ule. Nyasi hazikuwa zimeota bado. Zilikuja kuota baadaye, na miti ikafuata, na miaka kumi hivi baada ya amri ile watu wakaanza kuruhusiwa kufuga ng'ombe wa maziwa zizini. Sisemi kwamba wale waliopoteza mifugo hawakuumia. Babu yangu aliisimulia habari hiyo mpaka siku zake za mwisho, na hakuisimulia kwa furaha. Ninalosema ni kwamba mwaka mmoja unaweza kuwa na kitu kinachoota chini ambacho daftari halikioni.

Muziki wetu umepata kuonyesha jambo hilohilo. Mwaka 1978 Gurumo aliihama JUWATA, akaenda kuianzisha Mlimani Park pamoja na watu kama Michael Enoch, Abel Balthazar na Cosmas Chidumule, na Hassan Bitchuka naye akawa huko. Angalieni ukubwa wa hasara hiyo: bendi imepoteza sauti zilizokuwa sura yake. Washabiki wa wakati ule walisema Msondo imekwisha, na mtu yeyote mwenye akili angewaunga mkono. Mwaka 1985 zamu ikaja kwa Sikinde. Mwenye bendi ya Safari Sound alimwaga fedha, akawachukua Gurumo, Bitchuka na Balthazar, ukazaliwa mtindo wa Ndekule. Washabiki wakasema Sikinde imekwisha. Bitchuka hakukaa sana, akarudi. Gurumo mwanzoni mwa miaka ya 1990 akarudi Msondo alikotokea. Safari Sound, iliyoonekana kushinda mwaka 1985 kwa kila kipimo cha daftari, ndiyo iliyokuja kunyamaza. Bendi mbili zilizotangaziwa kifo ndizo zilizobaki.

Kwa nini? Nimelifikiria sana swali hili, mara nyingi nikiwa katika vikao ambavyo nilitakiwa kufikiria mambo mengine. Jibu langu ni kwamba bendi hizi mbili, kwa kuanza chini ya mashirika, hazikuwa za mtu mmoja. Tazameni waliokuwa nazo wakati mmoja. Mbaraka Mwinshehe alipofariki kwa ajali ya gari Mombasa mwezi Januari mwaka 1979, Super Volcano haikuweza kuendelea kuwa ileile, kwa kuwa Super Volcano ilikuwa Mbaraka. Huko Zaire, Franco aliijenga TP OK Jazz tangu mwaka 1956 mpaka ikawa kama jeshi. Alipofariki Oktoba 1989 haikupita miaka mitano jeshi likasambaratika. Kinyume chake wapo Rolling Stones wa Uingereza, ambao ni wakubwa wa Msondo kwa miaka miwili tu, maana walipiga mara ya kwanza London mwaka 1962. Mwenzao Brian Jones, mmoja wa waasisi, alifariki tarehe 3 Julai 1969. Siku mbili baadaye walipanda jukwaani Hyde Park mbele ya umati mkubwa na mpiga gitaa mpya. Mpiga drams wao Charlie Watts alifariki Agosti 2021, na mwezi uliofuata wakaendelea na ziara. Washabiki wao nao kila mwaka hubishana kama mwaka umekuwa mzuri au la, kwa hiyo tusidhani ugonjwa huu ni wa Kondoa peke yake.

Hapo ndipo ninapopata kipimo changu. Bendi kongwe inapopoteza mtu wake mkubwa, mimi hutazama jukwaa la juma linalofuata. Nani anaimba sehemu ya marehemu, na watu wanafanya nini anapoianza?

Ile mara ya tatu niliyokwenda, baada ya Gurumo kuzikwa kwao Kisarawe, nilikaa karibu na jukwaa kwa makusudi. Ukumbi haukujaa, mkaguzi ana haki hapo. Watu wengi walikuwa wa umri wa wazazi wangu, wanaume wamevaa mashati ya kuchomekea na wake zao wamekuja na mitandio. Bendi ilianza taratibu kama ilivyo desturi, gitaa la solo likiuliza na la pili likijibu, tarumbeta zikiingia pale ambapo kila mtu alijua zitaingia. Kisha ikafika nafasi ya sauti ya mzee. Akasogea mwimbaji mwingine kwenye kipaza sauti. Hakumwigiza marehemu. Hakujaribu kutoa ile sauti nzito ya kulalamika. Aliimba maneno yaleyale kwa koo lake mwenyewe, na ukumbi mzima ukamsaidia kiitikio, na mama mmoja akainuka, akaenda kumtuza noti kifuani, akarudi kukaa huku anafuta macho kwa ncha ya mtandio. Wimbo ulipochanganya, wote walikuwa wamesimama. Kwa mtu wa OPRAS, hilo unalijaza wapi?

Mnajua jambo hilo limenikumbusha nini? Limenikumbusha Mungomi, hapo juu ya mlima. Ninyi mmepanda huko na walimu wa historia, nasi tulipanda kwa sababu zetu nyingine. Katika miamba ile michoro ya zamani ni ya rangi nyekundu, na juu yake watu waliokuja baadaye wamechora kwa rangi nyeupe. Hawakufuta kwanza. Walichora juu, na ya chini bado inaonekana. Mary Leakey alikuja kuinakili michoro hiyo mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO ikaiandika miamba ya Kondoa katika urithi wa dunia. Hakuna hata mchoraji mmoja ambaye jina lake linajulikana. Wala sidhani kama yupo aliyeuliza mwaka gani ulikuwa mzuri kwao.

Kwa hiyo jibu langu kwa wenzangu ni hili. Kama bendi, Msondo walifaulu mwaka 2014, tena walifaulu mtihani mgumu kuliko wowote tangu mwaka 1978. Na waliurudia mwaka 2017 alipofariki Shaaban Dede, mtu ambaye alipata kuimba pande zote mbili hata Msondo na Sikinde wakalia pamoja kwa mara moja.

Lakini mkaguzi aliniuliza swali moja siku moja tukiwa Kondoa mjini tunakula nyama, na swali hilo sijaweza kulijibu kwa maneno ya kupendeza. Aliuliza: "Haya, bendi imefaulu. Na mtu mwenyewe?"

Gurumo alipotangaza kustaafu mwaka 2013, alieleza hadharani kwamba baada ya zaidi ya miaka 50 ya muziki hakuwa na mali ya kuonyesha. Nchi nzima ilisikia haya. Diamond, kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, akampa zawadi ya gari. Watu wakamsifu kijana, na kwa haki, maana alifanya ambacho wakubwa zake hawakufanya. Mimi nilifurahi siku ile, na usiku nikakosa usingizi. Gari lile lilikuwa zawadi. Mtu aliyefanya kazi miaka 50 hapaswi kungoja zawadi. Anapaswa kungoja malipo.

Tuangalie jinsi kazi ilivyokwenda. Bendi iliingia studio ya Radio Tanzania, ikarekodi, na wimbo ukabaki katika maktaba ya redio. Redio ndiyo iliyowafanya wajulikane kutoka Mtwara mpaka Bukoba, wala hakuna anayekataa fadhila hiyo. Mimi mwenyewe nisingewajua bila redio. Lakini kujulikana si kulipwa. Santuri zilipigwa chapa Nairobi. Zilipokuja kanda, yakaja maduka ya kurekodi. Unapeleka kanda tupu, unachagua nyimbo kumi kutoka kwenye orodha ukutani, unalipa, kesho unachukua. Kila mji ulikuwa na duka la namna hiyo, na Kondoa nayo ilikuwa nalo. Mwenye duka alipata chake, aliyeuza kanda tupu alipata chake, shirika la umeme lilipata lake. Mwimbaji hakujua hata kwamba duka lipo. Sheria ya Hakimiliki ilikuja kuandikwa upya mwaka 1999, ikazaliwa COSOTA, na mirabaha ikaanza kuzungumzwa. Kwa kizazi cha Gurumo hiyo ilikuwa mvua iliyonyesha baada ya mavuno. Rolling Stones na Msondo wanakaribiana umri, na kwa kuchangamsha watu nitabishana na mtu yeyote kwamba wanakaribiana pia. Wanachotofautiana ni karatasi. Wale walijifunza mapema, tena kwa kupoteza haki za nyimbo zao za kwanza, kwamba wimbo una hati kama shamba lilivyo na hati.

Mwalimu husema kwamba hayo si makosa ya bendi. Ni kweli. Ndiyo maana alama ya chini siiweki kwa bendi. Naiweka kwetu tuliosikiliza. Sisi bweni zima tulisikiliza miaka minne kwa gharama ya betri mbili.

Ndugu Mwenyekiti, ninaona unatazama saa, nami nakaribia. Nina pendekezo moja, na ni la leo.

Asubuhi tulipoingia hapa tulipokewa na wazee wa Kolo kwa ngoma. Kila mmoja wetu alitoa simu yake akawapiga picha za video. Nimesimama na mzee mmoja aliyekuwa akiongoza nyimbo, nikamwuliza zile nyimbo kajifunza kwa nani, akanitajia watu watatu, wote marehemu, na akaniambia kwamba kijana anayemjibu pale pembeni anamfundisha yeye. Mnaona, hiyo ni bendi kongwe kuliko Msondo. Ina mrithi, na mwaka wake si mbaya. Halafu nikauliza wazee hao wamelipwaje. Nikaambiwa wamepewa soda na chakula cha mchana.

Katika makisio yetu ya leo kuna kifungu cha burudani. Nimeyasoma makisio hayo. Ni ugonjwa wa kazi yangu. Kifungu hicho kimekwenda chote kwa kijana atakayetupigia muziki wa kompyuta usiku, na ninamtakia heri, maana naye ana kazi yake. Lakini ipo akiba ya dharura, na Mweka Hazina nimekwisha kumwuliza, anasema haijaguswa. Naomba mkutano huu, kabla wazee hawajaondoka, uamue kuwalipa posho kamili, kila mtu kwa jina lake, na atie sahihi au dole gumba. Naomba pia kwamba tusizipeleke video zile kwa watu kabla ya kumwuliza yule mzee anataka iweje, na kwamba vijana wa shule walioko hapa wapewe kazi ya kuandika majina ya nyimbo zile na majina ya wale marehemu watatu. Mwalimu wa Kiswahili ameniambia yuko tayari kusimamia. Daftari nimelileta, liko kwenye gari.

Nawaachia uwanja. Mkaguzi ana la kusema, namwona ameshika kalamu. Daktari wa mifugo yeye ameinua mkono tangu nilipotaja DDC, na ninaomba apewe nafasi mwishoni kabisa.